Kasoro ya Betri Haifichwi



Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki hii tumepokea swali kutoka mbali na Pwani yetu. Limeandikwa na mama mmoja mzaliwa wa huku, aliyeolewa Luanda Kotieno, kwenye ufuo wa Ziwa katika kaunti ya Siaya, pale wanapopandia watu feri ya kuvukia Mbita. Kwa ufupi anasema hivi. Mwanawe wa kwanza anaendesha bodaboda ya umeme, akibeba abiria wanaoshuka ferini na magunia ya omena yanayopelekwa upande wa Ndori. Pikipiki hiyo ilinunuliwa Kisumu kwa mtu aliyekwisha kuitumia, kwa fedha za chama cha kina mama, na deni bado halijamalizika. Juzi kijana alisikia kwa wenziwe kwamba kampuni iliyoziuza inaziita betri za fungu fulani zirudi zikaguliwe, kwa kuwa zina kasoro ya umeme. Alipoitazama nambari ya betri yake, akaikuta imo. Hakuna aliyempigia simu wala kumwandikia, maana jina na simu zilizoandikishwa ni za mwenye kwanza. Baba watoto ameona njia ya kutoka ni kuiuza pikipiki ng'ambo, Mbita, kabla habari haijaenea. Na kila usiku betri hiyo huchajiwa chumbani wanamolala watoto, kwa kuogopa wezi.

Mama anauliza mambo mawili. Biashara hiyo ina hukumu gani? Na yeye, ambaye si muuzaji, anyamaze au aseme?

Ameomba kampuni isitajwe, nasi hatutaitaja. Lakini swali lenyewe tumeona tulieleze kwa mapana, kwa kuwa lililomfika yeye huko Ziwani laweza kutufika sisi huku. Mnamo tarehe 1 Septemba 2023 Rais wa Jamhuri alizindua mpango wa taifa wa usafiri wa umeme hapa hapa Mombasa, na tangu hapo pikipiki hizi zisizo na moshi wala kelele zimezidi kuonekana njiani. Ni neema, maana petroli ni ghali na vijana wetu wanatafuta riziki ya halali. Na kila neema ina adabu zake.

Linalotangulia ni uhai

Kabla ya hukumu yoyote, tunamwambia mama yetu leo hii: betri hiyo isichajiwe tena, wala isilale ndani ya nyumba. Iwekwe mahali pakavu penye kivuli, juu ya saruji au mawe, mbali na makuti, mbao, nguo na petroli, katika kibanda asicholala mtu ndani yake wala mnyama. Ifungwe mnyororo ikihofiwa wezi. Mwizi akiichukua, hasara ni ya mali. Ikiwaka chumbani usiku, hasara haina kipimo.

Amepokea Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), na ni Hadithi iliyothibiti katika Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku hali wenyewe wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari aliwafunza watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapotaka kulala. Katika mapokezi mengine akaeleza na sababu: panya huweza kuukokota utambi wa taa na kuwachomea watu nyumba yao. Tazameni mafunzo hayo yalivyo karibu nasi. Utambi umeondoka, na badala yake kuna waya wa chaja unaopita chini ya kitanda, na panya ni yule yule. Chaja inayofanya kazi usiku kucha ni mfano wa taa iliyoachwa ikiwaka.

Kasoro yenyewe ni nini

Betri ya pikipiki ya umeme haikuumbwa kipande kimoja. Ndani yake mna seli nyingi za lithiamu zilizounganishwa pamoja, na bodi ya elektroniki inayozilinda, ambayo hupima joto na nguvu, na hukata umeme chaji inapozidi. Kasoro huweza kuwa katika seli iliyotengenezwa vibaya, katika kiungo kilicholegea, katika maji yaliyopenya, au katika programu inayoiongoza bodi hiyo. Seli moja ikipata joto kupita kiasi huipasha jirani yake, na hiyo nayo humpasha wa tatu, joto likawa linajizidishia lenyewe hata lisizuilike. Hutoka moshi mwingi wenye sumu, na katika chumba kilichofungwa moshi huo huua kabla ya ndimi za moto kumfikia mtu.

Ziko kasoro nyingine zisizowasha moto, nazo ni za kuogopwa vile vile. Mnamo Oktoba 2020 kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilitangaza kuziita zirudi pikipiki zake za umeme za aina ya LiveWire, kwa sababu programu ya mfumo wa kuchajia iliweza kuuzima mtambo safarini bila ya onyo. Mtu anayezimikiwa na mtambo mbele ya lori barabarani hahitaji moto ili afe. Dawa yake ilikuwa kuwekewa programu mpya, jambo jepesi kwa mwenye kuitikia wito.

Huu wito wa kurejesha bidhaa maana yake ni kwamba mtengenezaji, akigundua kasoro ya hatari katika alichokiuza, huitangaza hadharani, hutaja aina na nambari zinazohusika, kisha hukagua, hutengeneza au hubadilisha bila ya kumtoza mnunuzi. Marekani waliweka sheria ya usalama wa vyombo vya barabarani mwaka 1966, na chini ya sheria hiyo mtengenezaji hulazimika kuwaandikia wenye vyombo vilivyosajiliwa na kuvitengeneza bure. Kila chombo kina nambari yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, na mwenye chombo huweza kuitumia kutazama kama chake kimeitwa.

Wako wanaodhani kwamba kampuni inayofanya hivyo imefedheheka. Sisi twaona kinyume chake. Amesimulia Abu Hurayra (R.A.), katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata majimaji. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akamkana kuwa si katika watu wake yule anayeghushi. Hakumlaumu kwa mvua, maana mvua haikuwa mkononi mwake. Alimlaumu kwa kuiweka iliyorowa chini. Basi kampuni inayotangaza kasoro yake imeiweka nafaka iliyorowa juu, na hilo ndilo tendo alilolitaka Mtume.

Yaliyowafika watu wa India

Tutoe mfano wa hakika ili tusidhani kuwa tunatishana. Mwezi wa Machi 2022, katika mji wa Vellore kusini mwa India, skuta ya umeme ilishika moto nyumbani usiku ikiwa imewekwa kwenye chaji. Baba na binti yake waliokuwamo walikufa kwa moshi. Siku hizo hizo skuta nyingine iliwaka mchana barabarani mjini Pune, na picha zake zikaenea nchi nzima. Waziri wa uchukuzi, Nitin Gadkari, akazionya kampuni kwamba zitakazozembea zitaadhibiwa, na akazitaka zichukue hatua ya kuviita vyombo vyenye kasoro. Katika mwezi wa Aprili pekee Okinawa iliita skuta 3,215, Pure EV ikaita 2,000, na Ola Electric ikaita 1,441. Jumla yake ni zaidi ya 6,600 katika mwezi mmoja. Baadaye serikali ikakaza masharti ya betri, sehemu ya kwanza ikianza Desemba 2022 na ya pili mwishoni mwa Machi 2023: betri iweze kuhimili maji, iwe na vihisi vya joto, na imwonye mwenyewe kwa sauti na mwanga seli zinapoanza kupata moto.

Wenzetu wale walijifunza kwa msiba. Sisi tunaweza kujifunza kwa habari, na aliyewaidhika kwa mwenzake amepunguziwa gharama.

Lakini angalieni sharti moja linalosimama chini ya mifano yote hii: kampuni haiwezi kumwita isiyemjua. Wito hufika palipoandikwa jina. Kwetu pikipiki huuzwa na dalali, huhama kwa mapatano ya mdomo na fedha za M-Pesa, huvuka kwa feri, na jina la mwenye kwanza hubaki kwenye hati mpaka chombo kife. Kampuni ikituma ujumbe, humfikia mtu aliyeko Kisumu ambaye amekwisha kusahau, na kijana wa Luanda Kotieno analala na betri iliyoitwa.

Katika habari za Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, wamesimulia kwamba alimpa mshirika wake bidhaa na akamwonyesha nguo yenye kasoro ili ambainishie mnunuzi. Mshirika akaiuza na akasahau kusema. Imamu alipojua, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda, aliitoa thamani yote sadaka. Huo ndio uchamungu. Hata hivyo nguo yenye tundu haimuui mwenye kuivaa. Sadaka huisafisha mali ya mtoaji, lakini haizimi moto katika nyumba ya mnunuzi. Kwa hivyo katika vitu vya hatari ni wajibu tumjue mnunuzi na tuandikiane kabla ya kuagana, ili siku ya haja apatikane.

Ngamia mwenye tundu katika ukwato

Sasa tumfikie mama yetu na swali lake la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa kwamba mtu mmoja alinunua ngamia jike kutoka nyumbani kwa Wathila bin al-Asqa' (R.A.), sahaba wa Mtume. Alipokuwa akitoka naye, Wathila akamwendea mbio huku akiburura shuka yake, akamuuliza kama amekwisha elezwa habari za ngamia huyo. Kisha akamuuliza: wamtaka kwa nyama au kwa safari? Akajibu kuwa anamtaka kwa safari ya Hija. Hapo Wathila akamweleza kwamba ngamia yule ana tundu katika ukwato. Muuzaji akakasirika na kumlaumu kwa kumharibia biashara. Wathila akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba si halali kwa mtu kuuza kitu bila ya kubainisha kilicho ndani yake, wala si halali kwa anayeyajua hayo kutoyabainisha.

Zingatieni sehemu ile ya mwisho. Wajibu haukuishia kwa muuzaji. Umemgusa kila anayejua: mke, ndugu, fundi aliyeifungua betri, dalali, jirani aliyeiona ikitoa moshi. Na zingatieni swali la sahaba yule: kwa nyama au kwa safari? Tundu la ukwato halimdhuru anayetaka nyama, bali humwangusha anayetaka kusafiri. Betri yenye kasoro vile vile humdhuru zaidi yule anayeitumia kwa kazi hasa iliyonunuliwa kwayo, kila siku, akiwa na abiria nyuma yake.

Jawabu kwa mama yetu

Kwanza, kuiuza pikipiki hiyo kwa kuificha kasoro ni haramu, na fedha yake haina baraka. Imethibiti kwa Hakim bin Hizam (R.A.) kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka yake hufutwa. Mnunuzi wa Mbita naye ana watoto na ana chumba wanamolala.

Pili, hata akibainisha, tunaona asiiuze betri hiyo kabla haijatengenezwa au kubadilishwa. Msingi wa sheria yetu ni kwamba pasiwe na kudhuru wala kulipana madhara, na hatari ya betri haimhusu mnunuzi peke yake aliyeridhika. Inamhusu abiria asiyejua lolote, na mtoto wa nyumba ya pili.

Tatu, kijana mwenyewe ana haki. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, aliyegundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kununua ana hiari ya kukirudisha kitu na kudai fedha yake, ila asikawie. Akiendelea kukitumia baada ya kujua, hiari hiyo huweza kumpotea. Basi aache kuitumia tangu leo. Amwendee aliyemuuzia, amwombe ajitambulishe kwa kampuni kama mwenye kwanza, kisha waende pamoja na risiti na nambari ya betri. Kampuni iliyoita haiwezi kumkataa kwa kuwa yeye ni wa pili, maana kasoro ni ile ile, na walioitia ndio wenye dhamana.

Sheria ya nchi pia iko upande wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki, haki ya kupewa habari anazozihitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro. Akipuuzwa, apeleke malalamiko kwa Shirika la Viwango (KEBS) kwa maandishi, na abaki na nakala.

Nne, kuhusu baba watoto. Mama aanze kwa nasaha ya upole, wakiwa wawili, mahali pasipo watoto wala majirani. Twaamini mume huyu hana nia ya kumuua mtu. Ana deni na hofu ya kukosa mapato, na mwenye hofu huona mlango mmoja tu. Mama amwonyeshe mlango wa pili, ambao ni kuirudisha betri kwa walioiita. Akikataa, na mnunuzi akaja, basi ni wajibu juu ya mama mnunuzi huyo aambiwe, na yeye mama au mwanawe amwambie. Mke humtii mumewe katika wema, na hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Kusema huko hakuhesabiwi kuwa ni kutoa siri ya nyumba, kwani siri ya nyumba ni ile ambayo kufichwa kwake hakumdhuru Muislamu wala asiye Muislamu.

Tano, tunawaambia wanachama wa kile chama. Kijana akiisimamisha pikipiki wiki mbili kwa ajili ya usalama wa watu, hatakuwa na cha kulipa. Qur'ani imetuamrisha tumpe muhula mwenye dhiki mpaka afarijike. Msimtoze faini ya kuchelewa mtu aliyechelewa kwa kufanya haki. Tukimwachia mkweli abebe gharama ya ukweli wake peke yake, tutakuwa tumewafunza vijana wetu kwamba uongo ndio wenye faida.

Adabu za kununua na za kuchaji

Kwa wengine ambao betri zao hazijaitwa, tunausia mambo machache, na hasa tunawausia mama zetu, maana wao ndio wajuao chaja imechomekwa wapi na nani amelala karibu nayo.

Katika kununua, ombeni risiti, na mwandike nambari ya chesisi, nambari ya betri na aina ya chaja katika daftari la nyumbani. Kama pikipiki imetumika, umiliki uhamishwe rasmi kwa NTSA kupitia eCitizen, na nambari ya simu ya mwenye mpya ipelekwe kwa kampuni. Ulizeni waziwazi: je, chombo hiki kimewahi kuitwa? Je, betri imewahi kufunguliwa? Kwa bidhaa zenye alama ya ubora ya KEBS, nambari iliyo chini ya alama hiyo huweza kuhakikishwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023.

Katika kuchaji, tumieni chaja iliyokuja na betri, na si ya kuazima kwa kuwa plagi yake imeingia. Chajini mchana au jioni mkiwa macho, juu ya sakafu ngumu, si kitandani wala juu ya zulia. Msichaji mlangoni wala penye njia ya kutokea, kwa sababu moto ukianza hapo utawafungia ndani. Betri iliyotoka safarini iachwe ipoe kwanza. Soketi na ekstensheni zisirundikiwe pasi, friji na chaja pamoja. Vijana wa Ziwani wana desturi ya kuziosha pikipiki ufuoni: betri iliyoingia maji isichajiwe mpaka fundi wa kampuni aione, hata kama imekauka kwa nje.

Ziko dalili zisizopaswa kupuuzwa: betri kuvimba, kutoa harufu ya dawa, kuchemka ikiwa haifanyi kazi, kutoa sauti ya kufoka, plagi au waya kuyeyuka, umeme kukatika ghafla safarini. Mojawapo ikionekana, chaja ichomolewe kama kuna salama, betri itolewe nje, na isirudishwe kazini. Ikiwa imekwisha kuanza kutoa moshi, iacheni. Toeni watu, fungeni mlango nyuma yenu, iteni msaada, na msirudi kuokoa kitu. Betri ya lithiamu iliyozimika huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, basi msiirejeshe ndani kwa kuona imepoa.

Kitu kinachorudi

Watu wa Ziwani hawahitaji kufundishwa upya jambo hili la kurudisha. Mwaka 2008, Mbita, ng'ambo ya Luanda Kotieno, kampuni ya taa ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchajia kwa nguvu za jua taa za wavuvi wa usiku, zitumike badala ya karabai za mafuta ya taa. Mvuvi alikodi taa na betri yake, akaenda nayo majini, na kisha akairudisha kituoni ichajiwe. Katika utaratibu kama huo kila betri ina kwao, na hupita kila mara mbele ya jicho la mtu anayeijua. Kampuni nyingi za pikipiki za umeme nazo hubadilisha betri vituoni kwa namna hiyo hiyo, na betri yenye kasoro huweza kuzuiliwa siku inapoletwa. Taabu iko kwa betri inayouzwa moja kwa moja, ikaenda mbali na isirudi tena kwa aliyeitengeneza. Kwa hiyo lazima watu wenyewe wawe ndio kituo.

Tunawaomba maimamu wa Kisumu, Kendu Bay na kote Ziwani, pamoja na wa huku Pwani, wakipata tangazo la namna hii lililothibitishwa na kampuni au na serikali, walisome baada ya sala ya Ijumaa kama wanavyosoma tangazo la mazishi. Kamati za ufuo na vyama vya bodaboda wabandike nambari zilizoitwa mahali zinapoegeshwa pikipiki. Na anayejua kuwa jirani yake ana betri ya fungu hilo, asingoje kuulizwa. Wathila hakungoja kuulizwa, alimwendea mtu mbio akiburura shuka.

Mama yetu wa Luanda Kotieno, tunakushukuru kwa kuuliza, kwani wengi wamenyamaza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu akulindie watoto wako na akupe kauli laini kwa baba yao, amfungulie mwanao riziki iliyo bora kuliko aliyoiacha kwa ajili Yake, na atujaalie sote tuwe waaminifu katika kuuza kwetu na kununua kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.